Askari Mstaafu Hastaafu Kuwa Shahidi

Askari anapofikia mwisho wa utumishi wake hurudisha bohari vitu vyote alivyokabidhiwa na jeshi. Hurudisha bunduki, kofia ya chuma, mkanda na blanketi. Hutia saini katika daftari. Kisha hutoka langoni akiwa raia kama raia wengine. Lakini kipo kitu kimoja ambacho mtunza bohari hawezi kukidai. Kitu hicho ni kumbukumbu ya mambo aliyoyaona alipokuwa kazini: mahali alipolinda, watu aliowalinda, amri alizozipokea na matokeo ya amri hizo.

Je, kumbukumbu hiyo ni mali ya nani? Wako wanaodhani kwamba ni mali ya mzee mwenyewe, ya kusimulia wajukuu jioni na basi. Wako pia wanaodhani kwamba mzee aliyestaafu hana haja tena ya kufuatilia historia wala habari za ulimwengu, kwa kuwa zamu yake imekwisha. Mawazo hayo yote mawili yana hasara kubwa kwa taifa, na hasara hiyo huwapata kwanza askari na polisi walioko kazini leo.

Mfano ulio wazi wa jambo hili uko nchini Malawi, katika safari isiyozidi kilomita 50, kutoka mji mkuu wa Lilongwe kuelekea kaskazini hadi makazi ya wakimbizi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa. Anayefika Dzaleka leo huona soko lenye watu wengi, shule, makanisa, misikiti na nyumba za matofali ya udongo zilizobanana. Husikia Kiswahili kikisemwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, katika nchi ambayo wenyeji wake wengi husema Kichewa. Mahali hapo palipangwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo pana watu zaidi ya 50,000, na wengi wao wamezaliwa hapo hapo au wamefika wakiwa watoto wadogo.

Lakini Dzaleka haikuanza kuwa mahali pa hifadhi. Katika utawala wa Kamuzu Banda, ulioanza na uhuru mwaka 1964 na kwisha mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza. Ndani yake walifungwa watu waliowekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa. Jina lenyewe huelezwa kuwa limetokana na usemi wa Kichewa wenye maana ya kwamba mtu amekoma na hatarudia tena. Hilo ndilo neno ambalo wakuu wa gereza walitaka litoke kinywani mwa mfungwa. Mwaka 1994 mahali hapo hapo palifunguliwa kuwa kambi ya kupokea watu waliokimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Gereza likawa kimbilio, na jina halikubadilika.

Mtoto aliyezaliwa Dzaleka hawezi kuijua historia hiyo kwa kutazama kuta. Askari polisi kijana aliyehamishiwa huko kutoka wilaya nyingine hawezi kuijua kwa kusoma amri ya uhamisho. Ataijua kwa kuambiwa na mtu aliyekuwapo. Na katika watu waliokuwapo wamo wafungwa wa zamani, wanakijiji wa jirani, askari magereza, askari polisi na wanajeshi wa wakati huo ambao sasa wamestaafu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno huharibika pale penye wazee wasioulizwa.

Wamalawi wanayo sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, maana historia yao ya karne iliyopita imehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na askari. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Mashariki na ya Kati kuwa jeshi moja, ambalo wenyeji waliliita Keya. Kikosi cha kwanza na cha pili cha Keya viliundwa kwa watu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, moja ya mapigano ya mwanzo yalifanyika Karonga, mwezi Septemba mwaka huo huo, kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa, karibu na mpaka wa koloni la Wajerumani ambalo sasa ni sehemu ya Tanzania. Waafrika walisimama pande zote mbili. Miongoni mwa askari wa Wajerumani walikuwamo watu waliowahi kutumikia Keya, kwa kuwa kikosi cha pili kilivunjwa mwaka 1911 na baadhi ya askari wake walikwenda kutafuta kazi upande wa pili wa mpaka.

Nyuma ya askari walikuja wapagazi. Watu wa Dar es Salaam wanalo jina la Kariakoo, ambalo limebaki kuwa kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha vita vile. Watu wa Malawi wanalo neno tengatenga, lenye maana ya watu wa kubeba mizigo. Wapagazi wa Nyasaland katika vita hivyo wanakadiriwa kufikia 200,000, katika nchi ambayo watu wake wote walikadiriwa kuwa kama milioni moja tu. Walibeba risasi, unga na majeruhi. Wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko waliokufa kwa risasi.

Habari za watu hao zingefikaje kwa vizazi vya leo? Majalada ya serikali ya kikoloni yalihesabu mizigo kwa uangalifu kuliko yalivyowahesabu wabebaji. Yalitaja maofisa kwa majina yao, na askari kwa namba zao. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo ilipatikana kwa sababu katika miaka ya 1970 watafiti walikwenda vijijini Malawi wakakaa na wazee waliopigana vita vile, na waliokuwa tengatenga, wakawauliza na kuandika majibu yao. Mwanahistoria Melvin Page aliyatumia mazungumzo hayo katika kitabu chake kuhusu Wamalawi katika Vita Vikuu vya Kwanza, kilichochapishwa mwaka 2000 kikiwa na jina la The Chiwaya War. Chiwaya ni jina ambalo wazee waliipa bunduki ya rashasha. Wazee hao walikuwa na umri wa miaka 70 na kuendelea walipoulizwa. Kama watafiti wangechelewa kwa miaka 15 tu, wangekuta makaburi.

Mfano wa pili ni wa askari mwenyewe kugeuka mwanahistoria. Katika Vita Vikuu vya Pili, ofisa kijana wa Kiingereza aliyeitwa George Shepperson alitumikia pamoja na askari wa Nyasaland katika Keya. Huko ndiko alikopata hamu ya kuijua nchi ya watu aliopigana pamoja nao. Vita vilipokwisha hakuridhika na yale yaliyoandikwa na watawala. Alifanya kazi ya miaka mingi akishirikiana na Thomas Price, na mwaka 1958 wakatoa kitabu kikubwa juu ya John Chilembwe, mchungaji aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa kikoloni kusini mwa Nyasaland mwezi Januari 1915. Kitabu hicho kiliitwa Independent African.

Wakati ule watawala walipenda Chilembwe asahauliwe, au akumbukwe kama mhalifu. Lakini kabla ya kuasi, mwishoni mwa mwaka 1914, Chilembwe alikuwa ameandika barua kwa gazeti akilalamika kwamba Waafrika walikuwa wakiuawa katika vita visivyo vyao, hali wakati wa amani hawakupewa haki wala heshima. Kwa hiyo uasi wake ulihusu askari na wapagazi tangu mwanzo. Serikali ilituma askari kuuzima, na Chilembwe mwenyewe aliuawa na askari wa doria mwezi Februari 1915 alipokuwa akielekea mpaka wa Msumbiji. Leo Malawi huadhimisha Siku ya Chilembwe kila tarehe 15 Januari, na sura yake imo katika noti za nchi hiyo. Ni wajibu wa kila askari kulitafakari jambo hilo. Mtu aliyewindwa na askari kwa amri ya serikali moja amekuwa shujaa wa serikali iliyofuata. Askari aliyetii amri hakujua hivyo, lakini askari wa leo anaweza kujua, maana yeye amepewa nafasi ya kusoma.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, hamu hii ya kujua mambo ilienea katika Afrika ya Mashariki yote. Askari zaidi ya 300,000 kutoka eneo hili waliandikishwa. Watu wa Nyasaland na wa Tanganyika walikuwa katika brigedi moja katika vita vya Madagaska mwaka 1942, na walikuwa katika divisheni moja huko Burma mwaka 1944, walipopita bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi Mto Chindwin. Huko waliwaona Wahindi wakidai uhuru wao. Waliwaona Wazungu wakiogopa, wakiugua na wakifa kama watu wengine. Walisikiliza redio na kusomeana magazeti ya askari, mwenye kujua kusoma akimsomea asiyejua.

Waliporudi makwao hawakunyamaza. Tanganyika, ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, waliotumikia Keya, walikuwa miongoni mwa watu waliokitayarisha chama cha TAA kuwa TANU mwaka 1954. Kenya, Bildad Kaggia alitoka jeshini akaingia katika vyama vya wafanyakazi na siasa, na Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma, akawa kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau kwa jina la Jenerali China. Kaggia na Itote waliandika vitabu vya maisha yao. Watu hawa hawakupewa shahada na chuo chochote cha vita. Walipata elimu kwa kulinganisha yale waliyoambiwa na yale waliyoyaona, wakaona kwamba hayalingani.

Kizazi hicho sasa kimekwisha. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipomalizika mwaka 1945 angekuwa anakaribia miaka 100. Mjini Lilongwe uko mnara wa kumbukumbu ya vita, na watu hupita karibu nao wakienda ofisini. Mnara ni kitu kizuri, kwa kuwa humwambia mpita njia kwamba watu walikufa. Lakini mnara hauwezi kujibu swali. Hauwezi kusema ni nani alitoa amri, chakula kilikuwa nini, wala mjane alilipwa kiasi gani. Majibu hayo yako kwa watu, nao huondoka nayo.

Ndugu wasikilizaji, wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani na kwamba nafasi imekwisha kupita. Si kweli. Yuko askari mstaafu wa kizazi kingine, naye yu hai bado. Yeye hakwenda Burma. Huenda katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa askari wa Malawi waliopelekwa Msumbiji kulinda reli ya Nacala, wakati ambapo Wamsumbiji wapatao milioni moja walikuwa wamekimbilia Malawi kutokana na vita. Huenda alikuwa Lilongwe mwezi Desemba 1993, jeshi la Malawi lilipowanyang'anya silaha vijana wa Malawi Young Pioneers, kikundi cha chama tawala kilichokuwa na silaha zake na kilichotisha raia kwa miaka mingi. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, yaani rudisheni. Miezi mitano baadaye, tarehe 17 Mei 1994, wananchi walipiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi, na utawala wa Banda ukaisha. Mwaka huo huo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi.

Askari aliyekuwa na miaka 25 katika Operesheni Bwezani sasa amekaribia miaka 60. Ndio kwanza anastaafu au amestaafu juzi tu. Akienda Dzaleka leo, anaweza kuunganisha mambo ambayo kijana huyaona mbalimbali: gereza lilikuwa nini, kwa nini lilifungwa, nani alipokea wakimbizi wa kwanza, na Wamalawi wa kawaida waliwatendeaje Wamsumbiji walipokuja kwa mamia ya maelfu bila hata kambi za kutosha. Hiyo ndiyo historia ya mahali, na mwenye nayo anastahili kuulizwa.

Nyuma yake kuna mstaafu mdogo zaidi, wa vita vya Kongo. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda brigedi ya kukabiliana na makundi yenye silaha mashariki ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi. Mwezi Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi na wa Tanzania walipambana na kundi la ADF. Askari wa Kimalawi Chancy Chitete alimwona askari wa Kitanzania aliyejeruhiwa na kushindwa kujinusuru. Akamvuta hadi mahali penye usalama na kumpa huduma ya kwanza chini ya risasi. Mtanzania yule alipona. Chitete aliuawa, na Wamalawi wengine watano walikufa katika mapambano hayo. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, ofisa wa Senegal aliyeokoa watu nchini Rwanda mwaka 1994. Baadaye, kuanzia Desemba 2023, askari wa nchi hizo hizo tatu walikwenda tena Kongo chini ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Mji wa Goma ulipotekwa na M23 mwezi Januari 2025 walipoteza wenzao, na mwezi Machi jumuiya hiyo iliamua kuimaliza kazi hiyo na kuwarudisha.

Sasa na atazamwe askari wa Malawi aliyerudi kutoka Beni au Sake na kustaafu mjini Lilongwe. Umbali wa chini ya kilomita 50 kutoka nyumbani kwake wanaishi watu waliotoka katika wilaya hizo hizo alizozilinda. Anaifahamu barabara waliyoikimbia. Amekiona kijiji baada ya kuchomwa. Huenda amejifunza maneno ya Kiswahili ya kutosha kuamkia na kuuliza hali. Jirani yake anaposema sokoni kwamba watu wa Dzaleka wamekuja Malawi kwa kupenda biashara tu, mstaafu huyu ndiye mwenye uwezo wa kujibu kwa ushahidi. Akinyamaza, uvumi utachukua nafasi ya ushahidi.

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya katikati ya mwezi Aprili. Muda ulipokwisha, mwezi Mei, polisi waliingia katika kazi ya kuwakusanya watu, pamoja na wenye maduka mjini Lilongwe na familia zao. Serikali ilieleza sababu za usalama wa taifa, na ilikuwa na sheria mkononi, maana Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 iliweka masharti, likiwamo la kutowapa wakimbizi uhuru wa kukaa popote. Watetezi wa haki za binadamu walijibu kwamba watoto walikamatwa pamoja na wazazi wao, mali zilipotea, na kambi ilikuwa imekwisha kujaa mara nne au zaidi ya kiasi chake.

Uamuzi wa kisiasa katika mambo kama hayo hufanywa na serikali, si na askari polisi aliyesimama mlangoni. Lakini namna ya kugonga mlango ni ya askari polisi mwenyewe. Askari anayejua kwamba Dzaleka ilikuwa gereza la watu wasio na hatia ataelewa kwa nini mzee wa Kimalawi hushtuka akisikia lori la polisi likielekea huko. Askari anayejua habari za Beni ataelewa kwa nini mtoto wa Kikongo hulia akiona watu wenye silaha. Ujuzi huo haumzuii kutimiza amri halali. Humfundisha kuitimiza bila matusi, bila kipigo na bila kunyang'anya.

Ujuzi huo pia humsaidia kumkamata mhalifu wa kweli. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba polisi wa Malawi, wakisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na uhalifu, waligundua mtandao wa biashara ya binadamu ndani ya Dzaleka, na watu zaidi ya 90 walikuwa wameokolewa. Wengi wa waliookolewa walikuwa vijana wa Ethiopia. Kazi ya namna hiyo haifanikiwi ila kwa habari za watu wa mahali penyewe, na mtu hampi habari askari anayemwogopa au anayemdharau. Polisi mwenye kujua historia ya watu wake hufunguliwa mlango ambao bunduki haiwezi kuufungua.

Hata hivyo, si kila maneno ya mstaafu ni historia, wala si kila anayefuatilia habari za ulimwengu anazifuatilia kwa wema. Wakimbizi wa Kinyarwanda walioko Dzaleka wanakumbuka redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Redio hiyo nayo ilizungumza juu ya historia. Ilichukua mambo ya zamani, ikachagua yale yanayochukiza, ikayageuza kuwa amri ya kuua majirani. Tofauti kati ya shahidi na mchochezi ni hii: shahidi husema alichokiona, pamoja na kile kinachomwaibisha yeye na kikosi chake, mchochezi husema makosa ya wengine tu.

Onyo hilo linawahusu pia watu waliowahi kushika silaha na ambao sasa ni wakimbizi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, lisilohesabiwa kuwa uadui na nchi yoyote. Lakini mkataba huo huo unamkataza mkimbizi kuishambulia nchi yoyote mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Basi mtu aliyekuwa askari akakimbia vita ana haki ya kukumbuka, kusoma habari za kwao na kufundisha watoto wake walikotoka. Hana haki ya kuifanya kambi kuwa handaki. Askari aliyestaafu anayeelewa mpaka huo ni mlinzi wa hifadhi ya wenzake wote, na asiyeuelewa anaihatarisha.

Kwa hiyo kumbukumbu ya askari inahitaji nidhamu kama silaha yake ilivyohitaji. Askari hufundishwa namna ya kutoa taarifa ya doria: nani, wapi, lini, nini kilichoonekana kwa macho na nini kilichosikika kwa watu. Mstaafu anayetaka kuandika au kusimulia historia ya mahali hahitaji utaratibu mwingine. Ataje mwaka na mahali. Atenge aliyoyaona na aliyoyasikia. Asifichue siri inayoweza kumdhuru askari aliyeko kazini au raia aliyempa habari kwa kumwamini. Asiongeze idadi ya maadui ili kujitukuza, wala asipunguze idadi ya wafu ili kumpendeza mkubwa. Akifanya hivyo, daftari lake la shule la kurasa 40 litakuwa na faida kwa taifa kuliko hotuba nyingi.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wazee peke yao. Malawi ina Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Zomba, mji uliokuwa makao makuu kabla ya serikali kuhamia Lilongwe mwaka 1975. Nchi nyingine za eneo hili nazo zina hifadhi kama hizo. Vyama vya askari wa zamani vina orodha za wanachama. Kamanda wa kikosi anaweza kumketisha askari anayestaafu pamoja na karani mmoja kwa siku mbili kabla hajakabidhi vifaa vyake. Mkuu wa kituo cha polisi anaweza kumwalika mzee wa mahali aje azungumze na askari wapya waliohamishiwa hapo, awaeleze kijiji kilianzaje, ugomvi wa ardhi ulitoka wapi, na ni jambo gani lililowahi kufanywa na polisi ambalo wananchi hawajalisahau. Gharama yake ni chai na viti.

Dzaleka wenyewe wameonyesha kwamba watu wanaweza kulinda kumbukumbu yao hata katika dhiki. Tangu mwaka 2014 kumekuwa na tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na msanii wa Kikongo Menes La Plume, ambalo huwaleta Wamalawi na wageni kambini kutazama ngoma, muziki na michezo ya kuigiza ya wakimbizi na wenyeji. Mahali palipoitwa pa kukomesha watu, watu wanakwenda kwa hiari kusikiliza. Hilo ni badiliko kubwa, na linahitaji mashahidi wa pande zote mbili za ukuta wa zamani, wale waliofungwa na wale waliolinda.

Askari na polisi mnaosikiliza, ninyi ndio mtakaokuwa wazee wa miaka 30 ijayo. Mambo yanayopita mbele yenu leo, katika vituo, mipakani na katika kambi za wakimbizi, yatakuwa historia, na watoto watauliza yalikuwaje. Wapo kati yenu watakaokuwa wamesahau, na wapo watakaokuwa wanaona haya kujibu. Jitahidini muwe miongoni mwa wale watakaoweza kujibu bila haya. Someni historia ya mahali mnapolinda. Fuatilieni habari za ulimwengu kwa akili, mkipima kila neno. Waulizeni waliowatangulia wangali hai. Na mtakapokabidhi bunduki na kutia saini katika daftari, kabidhini na ukweli, kwa maana huo nao ulikuwa mikononi mwenu kwa dhamana tu.